Mark X Yangu Inarusha Mkia Mvua Ikinyesha: Nichomelee Difu?

Shikamoo mzee.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Rungwe, lakini naishi Igawilo, Mbeya. Kila siku ya kazi napandisha Isyonje na kushuka Kiwira. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua Mark X, ile GRX120 ya injini ya cc 2,500 inayosukumwa na tairi za nyuma. Kiangazi chote niliipenda. Tangu mvua zianze Novemba, naiogopa.

Kuna mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza lilinikuta asubuhi moja, nimepita Isyonje, manyunyu na ukungu. Nilikuwa namalizia kona, nikaongeza mafuta kama kawaida yangu. Nikasikia mkia unaondoka kwenda kushoto. Nikaachia mafuta ghafla na kushika breki, gari likageuka lote na kusimama upande wa pili wa barabara, linatazama nilikotoka. Namshukuru Mungu hapakuwa na lori.

La pili ni njia ya kuingia nyumbani. Ni ya udongo na ina kilima kidogo. Tairi la nyuma la kushoto likigusa mfereji uliochimbwa na maji, linazunguka bure na kurusha matope, na la kulia lililo pakavu limesimama tu. Vijana wa jirani wamezoea kunisukuma.

Fundi wangu anasema dawa ni kuchomelea difu, ule mtambo wa meno unaogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, ili zote mbili zisukume pamoja, kazi ya asubuhi moja tu. Nisipotaka hivyo, ataniagizia difu ya LSD, ile inayopunguza tairi moja kuzunguka bure, ya mtumba kutoka Dar. Mume wangu anasema tuuze, tununue IST.

Nikueleze hali ya gari. Tairi mbili za mbele ni mpya, tulizinunua Oktoba. Za nyuma ni zilizokuja na gari kutoka Japani. Bado zina kashata nene, yaani yale meno ya mpira yanayogusa barabara, na ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye picha ya gari linaloteleza. Imewaka muda wote tangu nilipobadilishiwa beringi ya gurudumu la nyuma, na fundi aliniambia ni sensa tu, isinisumbue. Kuna pia kitufe cha SNOW, sijawahi kukigusa kwa sababu kwetu hakuna theluji.

Nifanye nini? Ndaga fijo.

Mwalimu wa Igawilo


JIBU

Marahaba, Mwalimu, na pole sana kwa lililokupata. Umeandika kwa undani, na undani huo ndio ulionisaidia. Majibu karibu yote yamo ndani ya barua yako.

Naanza na la haraka, lisije likatangulia kufanyika kabla hujanisoma: usichomelee hiyo difu. Fundi akikwambia wapo wanaoendesha hivyo, ni kweli wapo, ni vijana wanaocheza drifti, na wao wanachomelea makusudi ili mkia uondoke kwa urahisi. Wewe unataka kinyume chake.

Difu ipo kwa sababu kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Gari lenye upana wa mita moja na nusu kati ya tairi na tairi likigeuza nusu duara, tairi la nje linatembea karibu mita 4.7 zaidi ya mwenzake. Difu inaruhusu tofauti hiyo. Ukiichomelea, tairi zote mbili zinalazimishwa kwenda mwendo mmoja, na kwa kuwa haiwezekani, mojawapo lazima likwaruze lami. Pakavu utasikia tairi zinalia unapogeuza, na ekseli zake, yaani zile shafti mbili za pembeni, zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Kwenye lami yenye maji, kule kukwaruza ndiko kunakoanzisha mtelezo hata kabla hujakanyaga mafuta. Mteremko wa kwenda Kiwira wenye ukungu, malori ya ndizi na watoto wanaokwenda shule si mahali pa gari la namna hiyo.

Sasa kwa nini tairi lako la pakavu linasimama huku la mferejini likizunguka? Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa pande zote mbili, wakati wote. Watu wengi hudhani inapeleka nguvu yote kwenye tairi linalozunguka, lakini sivyo. Ni kama kuvuta kamba: huwezi kuvuta kwa nguvu kuliko anavyokaza aliye upande wa pili. Tairi la kwenye matope halina pa kushika, linahitaji nguvu kidogo mno kulizungusha, basi na la pakavu linapewa kidogo hicho hicho, nacho hakitoshi kulisogeza gari. Ukizidi kukanyaga mafuta unaongeza kasi ya tairi linalozunguka na kuchimba shimo.

LSD ilibuniwa kwa tatizo hilo hasa. Miaka ya 1930 magari ya mashindano ya Auto Union aliyoyabuni Ferdinand Porsche yalikuwa na nguvu nyingi kiasi kwamba tairi moja la nyuma lilizunguka bure hata gari likiwa kwenye mwendo mkali. Mwaka 1935 kampuni ya ZF ya Ujerumani ilitengeneza difu inayobana tofauti ya mwendo kati ya tairi mbili, ili lenye kushika lipate nguvu zaidi. Leo zipo za plati zinazobanana ndani ya oili, zipo za majimaji mazito, na zipo za meno ya msokoto kama Torsen. Namna zinatofautiana, lengo ni moja.

Kwa hiyo kwenye kilima chako cha nyumbani, LSD nzima ingekusaidia, na fundi hajakosea hapo. Lakini wewe hukuandika kwa sababu ya kusukumwa na vijana wa jirani. Umeandika kwa sababu ya kona ya Isyonje, na kwenye kona ile LSD isingekuokoa.

Difu, ya aina yoyote ile, haitengenezi kushika. Inagawa tu kushika kulikopo, na kushika kunatoka kwenye tairi. Ukiwa kwenye kona ya maji na difu ya kawaida, ukazidisha mafuta, mara nyingi ni tairi moja, la ndani, linaloanza kuzunguka. La nje bado linabingirika na kuushikilia mkia usiende pembeni. Ukiwa na LSD, nguvu inahamia kwa lile la nje, na ukizidisha, yote mawili yanaachia kwa mara moja. Hapo hakuna la kuushikilia mkia. Dereva aliyezoea anatumia tabia hiyo kwa faida yake. Dereva anayewahi kipindi cha kwanza huku kioo kimejaa ukungu, anaweza kujikuta gari limegeuka kwa ghafla kuliko zamani. Sitaki ulipe pesa nyingi ili upate hilo.

Twende basi kwenye tairi, maana humo ndimo nilipoiona hatari yako. Tairi zako bora ziko mbele na mbovu ziko nyuma. Ndivyo wanavyofanya watu wengi, kwa mawazo kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Tairi za mbele zikiteleza, gari linanyooka, unalisikia kwenye usukani, unapunguza mwendo, linarudi. Za nyuma zikiteleza, gari linageuka, na una muda mfupi sana wa kulirekebisha. Tairi mpya zikiwa mbili tu, zinakwenda nyuma. Hii ni kweli hata kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, na kwa lako ni kweli mara mbili, kwa kuwa zile za nyuma ndizo pia zinazosukuma.

Halafu hizo zilizo nyuma ni za STUDLESS, yaani tairi za majira ya baridi ya Japani. Baada ya Japani kutunga sheria ya 1990 dhidi ya tairi zenye misumari, iliyokuwa ikichimba lami na kujaza miji vumbi, tairi hizi zikashika nafasi yake. Zimetengenezwa kwa mpira laini unaobaki laini kwenye barafu, na kashata yake imekatwakatwa kwa mikato midogo mingi ya kung'ata theluji. Kwenye lami ya Rungwe isiyo na barafu, vile vipande vidogo vinalegea na kupinda, na tairi halisukumi maji pembeni kama tairi la kawaida. Ndiyo maana unene wa kashata unakudanganya: unaona tairi zima, kumbe ni tairi la kazi nyingine. Na umri nao una lake, kwa sababu mpira ukizeeka unakakamaa na kupoteza hata ule ulaini wake. Angalia ubavuni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 4014, tairi limetengenezwa wiki ya 40 ya mwaka 2014.

Mwalimu, pesa uliyotaka kumpa fundi kwa ajili ya difu, nunua tairi mbili za kawaida za saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na aina ile ile uliyonunua Oktoba kama inapatikana. Zile za Oktoba zihamie nyuma kama unaweza kununua nzuri kiasi tu, au mpya kabisa zikae nyuma. Vyovyote vile, za STUDLESS zitoke zote. Usikubali ziwekwe mbele "zimalizikie". Mbele ndiko kunakofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Upepo wa ndani ya tairi nao usiupuuze. Watafiti wa NASA, walipochunguza matairi ya ndege kwenye njia zenye maji miaka ya 1960, waliona kwamba mwendo ambao tairi linapanda juu ya maji na kuacha kugusa barabara unategemea sana upepo uliomo. Kwa hesabu yao, tairi lisiloweza kutoa maji likiwa na psi 30 linapaa kwenye kilomita 90 hivi kwa saa, na likiwa na psi 20 linapaa kwenye 75 hivi. Wapo wanaopunguza upepo masika wakidhani gari litashika zaidi. Kwenye matope ya taratibu kuna ukweli kidogo, lakini kwenye lami yenye madimbwi wanajiwekea mtego. Fuata kibandiko, na pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Jambo la pili lililonishtua ni ile taa. Picha ya gari linaloteleza ni taa ya VSC, mfumo unaozuia gari kugeuka, na TRC, mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure. Ikimwekamweka unapoteleza, mfumo unafanya kazi. Ikiwaka bila kuzimika, mfumo umejizima. VSC ikiwa nzima, inapoona gari linageuka kuliko usukani unavyotaka, inapunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya tairi moja moja ili kulirudisha. Siku ile ya Isyonje ulikuwa peke yako. Msaidizi aliyewekwa na kiwanda kwa tukio kama lile alikuwa amezimwa, na dalili ilikuwa mbele ya macho yako kila siku.

Wewe mwenyewe umetaja chanzo: iliwaka baada ya kubadilisha beringi ya nyuma. Mwendo wa kila gurudumu unasomwa na sensa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga, iliyo pale pale kwenye beringi. Waya ukikatika, sensa ikiumia, au beringi ikiwa si ya aina yenye kusomeka, kompyuta inapoteza taarifa za gurudumu hilo. Nenda kwa mwenye mashine ya kupimia asome kosa ni la gurudumu gani, kisha litengenezwe. Ukiniuliza kipi nitangulize kati ya hili na LSD, sisiti hata kidogo: sensa.

Na kuna faida nyingine hapa ambayo fundi hakukwambia. TRC ikiona tairi la kushoto linazunguka bure kwenye mfereji, inalifungia breki. Lile tairi sasa linahitaji nguvu zaidi kulizungusha, na kwa sheria ya sawa kwa sawa niliyoeleza, la kulia nalo linapata nguvu zaidi, na gari linasogea. Ni kazi ya LSD inayofanywa na breki, na gari lako tayari linayo. Kwenye tope zito sana inaweza kukata nguvu ya injini mpaka ukasimama. Hapo tu ndipo unapobonyeza TRC OFF, unatoka, kisha unairudisha.

Sasa uendeshaji. Kitufe cha SNOW kibonyeze. Hakijali kama ni theluji ya Hokkaido au tope la Igawilo. Kinalifanya gari liondoke taratibu, na nguvu inafika kwenye tairi kwa upole. Kitumie unapoondoka kilimani na kwenye utelezi, na uzime ukifika pazuri. Hapo nyumbani, kabla ya kupanda, simama uchague mstari ambao tairi zote mbili za nyuma zitapita juu, mfereji ubaki katikati ya gari. Vijana wanaokusukuma waombe siku moja ya jua waujaze mfereji huo mawe. Hilo linaweza kumaliza nusu ya tatizo bila kugusa difu.

Barabarani, breki zako zote ziishie kabla ya kona. Ndani ya kona mguu uwe mwepesi na usiobadilika, na mafuta uongeze usukani ukishaanza kunyooka. Ogopa zaidi dakika za mwanzo za mvua baada ya siku kavu, kwa sababu vumbi, oili na dizeli iliyodondoka kwenye malori vinaelea juu ya lami kabla mvua haijaviosha. Mkia ukiondoka, legeza mafuta taratibu, usiguse breki, na zungusha usukani upande ule mkia unakokwenda: umeenda kushoto, usukani kushoto, macho yako barabarani unakotaka kufika. Gari likianza kurudi, rudisha usukani mapema, la sivyo litakutupa upande wa pili. Kuachia mafuta ghafla na kushika breki kulihamishia uzito mbele, na tairi za nyuma zikabaki nyepesi. Ni jambo ambalo mwili wa mtu yeyote aliyeshtuka unalifanya, kwa hiyo jizoeshe kichwani kabla.

Mteremko una hila yake kwa gari linalosukumwa nyuma. Ukishusha gia kwa ghafla kwenye lami yenye maji, injini inazuia tairi za nyuma peke yake, kama vile umevuta breki ya kuegeshea. Punguza mwendo kwanza, ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, ushuke nayo. Na fri, yaani kushuka bila gia, usiiguse kamwe, iwe Kiwira, iwe Mlima Nyoka, iwe Kitonga siku ukienda Dar.

Utasikia pia ushauri wa kuweka gunia la viazi kwenye buti. Uzito nyuma unasaidia kupanda kwenye tope, ni kweli, lakini kwenye kona uzito huo huo ukishaanza kuyumba ni mgumu kuusimamisha. Kwa safari yako sikushauri.

Mume wako mpe heshima yake, ana hoja. Gari linalovutwa na tairi za mbele linamsamehe dereva zaidi kwenye kona ya maji, na IST isingekuzungushia mkia kirahisi vile. Lakini mwambie pia kwamba gari likipanda kilima uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, na nayo ina difu ya kawaida. Kwenye kilima chenu cha udongo mngeweza kukwama nayo pale pale. Kuuza ni uamuzi wenu wa familia, ila msiuze kwa sababu ya tairi mbili na sensa moja.

Imebaki difu ya mtumba. Siipingi daima, naipinga kwa sasa. Za plati zinalika, na iliyochoka inafanya kazi kama difu ya kawaida, utakuwa umelipia jina. Inahitaji oili yake maalumu ya LSD, na ukiweka ya kawaida itatetemeka na kuguna kwenye kila kona. Uwiano wa meno usipolingana na wa gari lako, injini itazunguka zaidi au pungufu kwa mwendo ule ule na unywaji wa mafuta utabadilika. Ya Torsen haina plati za kulika na ni ya upole zaidi kwa gari la nyumbani, ila tairi moja likining'inia hewani kabisa inakosa pa kuanzia. Hapo unakanyaga breki kidogo huku unaongeza mafuta kidogo, na inaamka. Ujanja huo wa breki wengi wanaufundisha hata kwa difu ya kawaida, ambako faida yake ni ndogo sana, kwa kuwa breki inabana tairi zote mbili sawa.

Badili tairi, zima taa ile kwa kutengeneza sensa, jazeni mfereji. Kisha pita na gari lako masika haya mpaka Mei. Kama kilima cha nyumbani bado kitakushinda, niandikie tena na unitajie namba iliyo mbele ya neno AXLE kwenye kile kibati cha utambulisho cha gari, ndipo tutajua uitafute difu gani.